Feza Kidogo, Masomo Mengi: Namna Universite ya Serikali Inavyojipanga

Universite za Serikali katika nchi yetu zinaishi kwa feza za namna mbili: feza za Serikali na feza za wazazi. Kadiri za kwanza zinavyopungua, za pili zinaongezeka. Hayo kila mtu anayajua, na padri wa parokia anayajua kupita wengine, maana barua za kuomba msaada wa minervali zinafika mezani pake. Lakini namna upungufu huo unavyoingia ndani ya masomo yenyewe, na katika hesabu ya waalimu, haijulikani sana. Twataka kuieleza hapa, tukichukua mfano wa Goma.

Inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 Serikali ilizichukua universite tatu, ile ya Lovanium huko Kinshasa (1954), ile ya Lubumbashi (1956) na ile ya Waprotestanti huko Kisangani (1963), ikazifanya moja tu, UNAZA. Sababu kubwa ilikuwa siasa, lakini hesabu nayo ilikuwamo: fakulte moja isirudiwe mara tatu. Masomo ya lugha na fasihi yalipelekwa Lubumbashi, sheria ikabaki Kinshasa, elimu ya malezi ikawa Kisangani. (Teolojia yenyewe Serikali iliitoa mwaka 1974, maaskofu wakaibeba.) Katika karatasi mpango ulionekana mzuri. Lakini kijana wa Masisi aliyetaka kusoma sheria ilimpasa kuvuka nchi nzima, na mzigo ulioondolewa kwa Serikali ulimwangukia baba yake. UNAZA iligawanywa tena mwaka 1981.

Kiisha watu walifuata njia nyingine, ya kupeleka shule karibu na watoto. Mwaka 1993 Universite ya Kisangani ilifungua tawi huko Goma, na mwaka 2004 tawi likawa Universite ya Goma, yenye kujitawala. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini majengo yanaweza kupatikana upesi. Profesa hapatikani upesi. Ili mtu awe profesa sharti awe na doktora, na doktora inaomba miaka mingi na feza nyingi.

Na feza zilikuwa zimekwisha kukauka. Wasomaji wazee wanakumbuka migomo ya waalimu kati ya 1990 na 1992, na mapatano yaliyofuata: wazazi wakaanza kuongeza kitu juu ya mshahara wa mwalimu, ndiyo tunayoita primu. Lilikuwa dawa la muda. Katika universite vilevile primu inayotoka katika feza za wanafunzi iliingia, ikakaa, na leo maisha ya nyumba za waalimu wengi yanategemea primu hiyo.

Hapa ndipo panapoanza jambo tunalotaka lieleweke. Tuseme kozi moja ni ya saa 45. Profesa analipwa kwa saa hizo sawasawa, awe mbele ya wanafunzi 300 ao mbele ya 20. Fakulte ya sheria inaomba chumba kikubwa, chaki na vitabu kidogo. Fakulte ya kilimo inaomba shamba la majaribio, laboratwari na gari la kupeleka wanafunzi mlimani. Ikiwa feza zote zinatoka kwa mwanafunzi, sheria inaleta faida na kilimo kinaleta deni. Basi rekta na baraza lake wana njia tatu tu. Ya kwanza, wale 300 wawabebe wale 20. Ya pili, wale 20 walipe zaidi. Ya tatu, sehemu ile ifungwe. Sisi twaona ya kwanza ni ya haki kupita nyingine, mradi ifanywe wazi. Goma iko chini ya Nyiragongo, iliyomwaga moto katika mji mwaka 2002 na tena karibu na mji mwaka 2021. Chini ya ziwa kuna gazi. Milima ya Masisi na Rutshuru inalisha watu wengi. Mji kama huu ukiwa na wanasheria tele bila wenye kujua udongo na mawe, umepunguza feza pahali pabaya.

Kuna njia ya nne ambayo hakuna anayeiandika, nayo ndiyo inayotumiwa sana: kuacha sehemu iendelee kwa jina tu. Kozi iko katika programu, vyeti vinatolewa, lakini mazoezi ya laboratwari yamegeuka kuwa maelezo ubaoni. Mwanafunzi hajui kwamba alinyimwa kitu. Kufunga sehemu kwa wazi ni bora, hata ikileta kelele.

Juu ya waalimu, mambo ni hivi. Universite yenye maprofesa wachache inaita wageni kutoka Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi ao Bukavu. Mgeni anakuja, anafundisha kozi nzima katika juma moja ao mawili, anaacha mtihani, anaondoka. Ni rahisi kupita kumweka profesa mwaka mzima, lakini si rahisi kwa kichwa cha mwanafunzi, kwa maana falsafa ao hesabu haimezwi kama dawa ya mara moja. Kazi inayobaki inaangukia wasaidizi, maana yake vijana wenye lisansi wanaosahihisha mitihani na kuongoza mazoezi. Wengine kati yao hawajaandikwa katika listi ya mishahara ya Serikali. Wanangoja miaka, wakila primu peke yake. Bajeti ikibana, hao ndio wanaobanwa kwanza, kwa sababu hawana sauti. Lakini ndio maprofesa wa kesho! Ukimnyima msaidizi wa leo nafasi ya doktora, baada ya miaka 15 utaendelea kuita wageni.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mpango mpya, LMD: lisansi ya miaka mitatu pahali pa graduati, kiisha masita miaka miwili, halafu doktora. Kozi zinaunganishwa katika mafungu, na hapo kuna nafasi ya akiba ya kweli: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fakulte mbalimbali wanaweza kuketi pamoja kwa Kifaransa, kwa lojiki, kwa kompyuta. Lakini LMD inataka pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe, bilioteki na vikundi vidogo. Kuchukua nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili ni kudanganya.

Jirani zetu walipita hapa mbele yetu. Makerere huko Uganda ilianza mwaka 1992 kupokea wanafunzi wanaojilipia. Feza zikaja, na fakulte zikaanza kubuni masomo yanayouzika, zikigombania kozi zinazofanana. Nairobi ilifuata njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wale walipopungua, mishahara ilibaki, madeni yakakua, na Julai 2021 universite ile iliunganisha shule na fakulte zake nyingi zikabaki chache. Hesabu ya wanafunzi inapanda na kushuka, lakini mwalimu uliyemwajiri anakula kila mwezi.

Goma ilipata pigo lake mwaka 2025. Mwisho wa Januari M23 waliingia mjini. Benki zilifunga, na uwanja wa ndege pia. Mishahara ya watumishi wa Serikali ilikuwa inapitia benki tangu 2011. Basi mwalimu alipaswa kutafuta feza zake kwa simu ao mbali na mji. Profesa mgeni wa Kinshasa hakuweza kushuka Goma kwa ndege. Mpango wa wageni, ulioonekana wa bei nafuu, ulikatika kwa juma moja, na waliobaki kusimama mbele ya wanafunzi ni wale wenye nyumba zao Goma, wasaidizi wengi wakiwamo.

Kwa hiyo, padri ao katekista anapoombwa shauri na kijana anayetaka kuandikwa, asiishie kuuliza minervali ni ngapi. Aulize sehemu ile ina maprofesa wangapi wanaokaa mjini, laboratwari inafunguliwa siku gani, na wasaidizi wake walilipwa mara ya mwisho mwezi gani.