Kobe haombi ampuli, anaomba lupango

Juzi mudogo wetu mumoja, mwanafunzi hapa Kalemie, alituandikia: "Yaya, mujomba ameniletea kobe kutoka kijijini. Nimeona kwenye intaneti kwamba anahitaji sanduku la kioo, ampuli ya jua na ampuli ya joto. Ninunue gani kwanza?" Kobe mwenyewe alikuwa ndani ya beseni, chini ya kitanda, wiki ya tatu.

Jibu letu: usinunue kitu. Mutoe chini ya kitanda leo.

Vile vyombo vilitengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, fasi ambako baridi inazuia kobe kukaa inje miezi mingi. Ampuli inaiga jua. Ngozi ya kobe ikipata miale ya jua inayoitwa UVB, mwili unatengeneza vitamini D, na hiyo njo inasaidia mwili kutumia kalsiamu ya chakula. Ikikosekana, ganda linalegea, mifupa inapinda, kobe anakufa polepole bila hata kulia. Kumuweka nyuma ya dirisha hakusaidii, juu kioo kinazuia miale hiyo. Sisi tuko digrii 6 kusini ya ikweta. Jua tunalo bure, na halikatiki kama umeme.

Mbele ya kutengeneza fasi, angalia miguu yake. Kama vidole vimeunganishwa na ngozi, huyo ni wa majini, hatumuongelei leo. Wa nchi kavu ana miguu kama ya tembo. Huku kwetu mumoja wao ni kobe wa Speke, aliyepewa jina la Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 pamoja na Burton. Ni mudogo, sentimeta 20 hivi, na ganda lake lina kama bawaba kwa nyuma: akiogopa, anafunga mulango.

Sasa vitu vyenyewe:

1. Lupango. Kwa kobe mumoja, anza na metre 2 kwa 2. Ukiweza zaidi, ni vizuri. Tumia matofali au mbao, si waya: akiona inje, atasukuma waya mpaka aumie. Zamisha ukuta kidogo ndani ya udongo, juu anachimba. Kama bado mutoto, funika juu na wavu sababu ya mbwa na kunguru.

2. Jua na kivuli. Nusu ya lupango ipate jua la asubuhi, nusu ikae chini ya muti. Kobe hana joto lake mwenyewe: anajipasha na kujipoza kwa kuhama. Ukimunyima kivuli, jua la saa sita linamuua. Nyumba yake iwe nusu ya chungu kilichovunjika, si bati tupu.

3. Chini. Udongo na majani makavu, na kona moja yenye unyevu. Simenti inaumiza miguu. Muchanga mutupu anaumeza na chakula, unaweza kumuziba tumbo.

4. Maji. Kifuniko cha ndoo kinatosha, kisipite kidevu chake. Badilisha kila siku, juu atajisaidia humo humo.

5. Chakula. Nyasi, magugu, maua ya hibiski, na papai kidogo. Matembele na lengalenga mara moja moja tu, juu yana kitu kinachofunga kalsiamu. Sombe mbichi hapana, ina sumu. Bukari na mukate pia hapana. Kobe wa Speke anakula pia konokono, wadudu na uyoga, kwa hiyo akikamata jongoo usishangae. Ganda la yai likisagwa na kunyunyiziwa juu ya majani ni kalsiamu ya bure.

Beseni lake lisirudi jikoni, na unawe mikono ukimaliza kumushika: wanyama hawa wanabeba salmonela.

Munaona, karibu vyote viko tayari kwenye parsele. Kitu cha bei kubwa ni miaka. Kobe akitunzwa vizuri anaishi miaka mingi, na sisi tukimaliza masomo tunaenda Lubumbashi, tunaenda Bukavu, kutafuta kazi. Atabaki na nani? Kama hauna jibu, usimupokee. Kobe wa nchi kavu wote wako kwenye orodha ya CITES, kumuvusha mupaka bila kibali ni kosa, na inchi yetu iko na sheria ya 14/003 ya 2014 juu ya kulinda viumbe. Uliza ofisi ya mazingira mbele, si nyuma.

Mudogo wetu alibonyeza ganda kwa kidole: ukingo ulikuwa umeanza kulegea. Kesho yake alipanga matofali chini ya mwembe wa mama yake. Ganda halirudi kuwa gumu kwa siku mbili, lakini sasa kobe anaota jua kila asubuhi.