Mifupa ya Kipare, Nyama ya Kikushi

Gari likiiacha Mombo huanza kupinda na kupanda, na kabla hujafika Soni umeshatafuta sweta. Wilaya ya Lushoto tunaijua kama nchi ya Wasambaa, ya mfalme Kimweri na mji wake wa Vuga, ya viazi na kabichi zinazoshushwa Tanga kila siku. Lakini huko huko juu, jirani na misitu ya baridi, wamo Wambugu, wafugaji wa ng'ombe tangu jadi. Wanaisimu wa ng'ambo wamewaandika kwa zaidi ya miaka 100, na sisi wa pwani hatuwajui. Inaniuma.

Wambugu wana lugha mbili ndani ya nyumba moja. Kimbugu cha kawaida kinakaribiana sana na Kipare. Cha pili, Kima'a, ni cha wenyewe. Mzee kwa Kimbugu cha kawaida ni mzima, kwa Kima'a ni mwagiru. Mfalme ni mfumwa. Kwa Kima'a, dilao. Nchi ni isanga. Kwa Kima'a, idi. Sasa tazama kisichobadilika: ngeli, viambishi, mpangilio wa sentensi. Mwagiru amevaa mw- ile ile ya Kibantu, na ukisema "mfalme wa nchi", ile "wa" inabaki pale pale katika lugha zote mbili.

Maneno yenyewe mengi ni ya Kikushi, ndugu wa Kiiraki cha Mbulu. Mengine yametoka kwa Wamasai, na mengine ni ya Kibantu yaliyogeuzwa makusudi yasitambulike. Hata sauti zimo: weka ulimi kama unataka kutamka L, kisha usitoe sauti, upulize tu pumzi ipite pembeni. Sauti hiyo Msambaa hana. Mma'a anayo.

Ilikuwaje? Mmarekani Sarah Thomason alieleza kuwa Wakushi hawa waliazima sarufi ya majirani kidogo kidogo huku wakiyang'ang'ania maneno yao. Mholanzi Maarten Mous, katika kitabu chake cha 2003, anaona kinyume: walikuwa wameshahamia lugha ya Kibantu, ndipo wakayakusanya maneno ya mababu na kujiundia msamiati wa kujitambulisha. Mimi niko na Mous. Lugha inayobadilika taratibu bila mtu kuipangia haigeuzi maneno ili jirani asiyatambue. Hapo pana nia ya watu.

Kule Dagestan, kwenye milima ya Kaukazi, husemwa kwamba mabonde yaliwatenga watu hata kila kabila likabaki na lugha yake. Usambara haikumtenga Mmbugu hivyo. Kisambaa anakijua, gulio ni moja, watoto wanasoma pamoja kwa Kiswahili. Mpaka aliuchora mwenyewe, kwa maneno.

Na kuhusu asili yao, wazee wa Wambugu husimulia kwamba walitoka Lukipya, jina linalohusishwa na Laikipia ya Kenya, wakapita Upare na mifugo yao, ndipo wakapanda Usambara.