Sigaa za Thamani Nairobi: Jani, Mkono na Hewa ya Mwinuko

Sigaa ni tumbaku iliyofungwa ndani ya tumbaku, bila karatasi wala kichujio, na kwa sifa hiyo moja inatengana na sigara ya kawaida, ambayo ni tumbaku iliyokatwakatwa na kujazwa ndani ya karatasi. Katika Nairobi wapenzi wake hupatikana zaidi katika hoteli kubwa za katikati ya jiji na katika vitongoji vya magharibi, yaani Westlands, Kilimani, Lavington na Karen, ambako biashara ya vinywaji vya bei ya juu imezoea kuiweka sigaa karibu yake. Wengi huivuta kwa ajili ya fahari, kama ishara ya mkataba uliotiwa saini au harusi iliyofana, na hao hawana haja ya kujua zaidi ya jina lililoandikwa kwenye kijikanda cha karatasi. Lipo hata hivyo kundi dogo ambalo raha yake hasa ni kulinganisha: kuvuta sigaa ya nchi moja leo na ya nchi nyingine wiki ijayo, kuandika tofauti zake, na kuuliza tofauti hizo zimetoka wapi. Shughuli hii ya pili ndiyo yenye maarifa ndani yake, na ndiyo inayoonyesha kwamba bei na umbo la sigaa ni mashahidi dhaifu wa ubora wake.

Sigaa iliyosokotwa kwa mkono ina sehemu tatu. Kiini ni fungu la majani mazima yaliyokunjwa kwa urefu ili kuacha njia nyembamba za hewa. Jani la kufungia hukishika kiini hicho kisifumuke. Na jani la nje, ambalo lazima liwe jembamba, laini na lisilo na doa, huvishwa mwisho na kuchangia sehemu kubwa ya ladha ingawa uzito wake ni mdogo. Katika kiini huchanganywa majani ya sehemu mbalimbali za mmea mmoja, ambayo yanajulikana duniani kote kwa majina ya Kihispania. Ligero ni majani ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, mazito na makali, nayo huwekwa katikati kwa sababu huungua polepole. Seco ni majani ya kati, yenye harufu. Na volado ni majani ya chini, yasiyo na makali mengi, ambayo kazi yake ni kuufanya moto utembee. Mchanganyiko wa aina hizi tatu, kwa viwango anavyovijua mtengenezaji, ndio unaoitofautisha chapa moja na nyingine, na ukivurugwa hata jina kongwe halitaiokoa sigaa hiyo.

Kabla ya kusokotwa, majani hukaushwa kwa hewa ghalani, kisha huvundikwa kwa malundo makubwa yanayojipasha joto yenyewe kutoka ndani. Katika joto hilo gesi ya amonia hutoka, ukakasi hupungua na rangi hukolea, na lundo hufumuliwa na kupangwa upya mara kadhaa ili lisiungue. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa majani mazito huendelea kwa miaka. Tumbaku iliyoharakishwa hujitambulisha yenyewe kinywani: ulimi huchomwa, na harufu kali ya amonia hupanda puani tangu mivuto ya kwanza.

Sigaa zinazouzwa Nairobi hazitokani na mashamba ya Kenya. Tumbaku inayolimwa Migori, Busia na Bungoma ni ya kutengenezea sigara, inayokaushwa kwa mvuke wa moto au kwa moshi, na hata kilimo hicho kimeanza kuachwa na baadhi ya wakulima, hasa Migori, ambako tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamekuwa yakiwasaidia kuhamia kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Sigaa hutoka Cuba, Jamhuri ya Dominika, Nikaragua na Hondurasi. Mchango wa Afrika uko katika jani la nje: Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati hutoa jani la kahawia lenye vichunusi vidogo na utamu wa viungo, lililotokana na mbegu ya Sumatra, ambalo huvishwa sigaa za Karibi zenye jina kubwa, zikiwemo za Arturo Fuente ziitwazo Hemingway. Mnunuzi wa Lavington anayeshika sigaa hiyo ameshika jani la Kiafrika lililovuka bahari na kurudi.

Historia ya sigaa katika jiji hili ina jina moja linalojulikana kila mahali. Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1907 na kupanda reli hadi Nairobi, na kitabu chake cha safari hiyo kikatoka mwaka uliofuata. Alikuwa amekwisha kuizoea sigaa tangu alipoitembelea Cuba mwaka 1895, na baadaye kipimo kimoja kirefu, cha milimita 178 kwa unene wa 47, kikapewa jina lake. Mwaka huo huo wa 1907 ndio ambao kampuni ya British American Tobacco huuhesabu kuwa mwanzo wake nchini Kenya, na ni sigara zake, wala si sigaa, zilizokuja kuenea kwa raia wa kawaida.

Unene huo wa 47 unahitaji maelezo, kwa kuwa namba zake huwachanganya wanaoanza. Unene wa sigaa hupimwa kwa sehemu ya sitini na nne ya inchi, kwa hiyo sigaa ya unene wa 64 ingekuwa na kipenyo cha inchi moja kamili. Robusto, ambayo hupendwa sana siku hizi, huwa na urefu wa milimita 124 hivi na unene wa 50. Corona ni ndefu kidogo, milimita 142, lakini nyembamba, 42. Sigaa nene huungua kwa ubaridi zaidi na kumpa mtengenezaji nafasi ya kuchanganya majani mengi, ilhali nyembamba huipa sauti zaidi ladha ya jani la nje. Hakuna iliyo bora kwa sababu ya kipimo chake tu. Wakazi wa Nairobi wana mfano wa jambo hili karibu nao, katika mnada wa kahawa unaofanyika Wakulima House, kwenye Barabara ya Haile Selassie: daraja la AA, ambalo wengi hulitamka kana kwamba ni cheo cha ladha, hupima ukubwa wa punje, na mwonjaji mwenye uzoefu huinunua AB iliyo tamu kuliko AA iliyopooza bila kusita.

Bei nayo haielezi mengi. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka ushuru wa sigaa kuwa shilingi 10,000 kwa kila kilo, kiwango ambacho kimepandishwa tangu wakati huo, na kwa kuwa ushuru huo hufuata uzito, sigaa ya gramu 12 ilibeba shilingi 120 tu, iwe ya bei ya chini au ya juu kabisa. Huongezwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, lakini pengo kubwa kati ya sigaa mbili zilizo kwenye rafu moja hutokana na jina, uhaba na faida ya muuzaji. Cohiba, chapa ya Cuba iliyoanza mwaka 1966, ni sigaa nzuri; kama ni nzuri mara nne kuliko ya Nikaragua iliyosokotwa kwa uangalifu ni swali ambalo hujibiwa vizuri zaidi pale kijikanda kinapoondolewa.

Hivyo ndivyo ulinganishaji wa haki unavyoanza. Sigaa mbili au tatu za kipimo kimoja huvuliwa vijikanda na mtu ambaye hatashiriki kuonja, zikapewa alama, na wanaoonja wakazivuta katika vikao tofauti, kwa sababu baada ya sigaa moja kamili ulimi huwa umechoka na hukumu ya sigaa ya pili haiaminiki. Kinywaji kiwe maji. Pombe na kahawa hufunika yale yanayotafutwa. Kichwa cha sigaa hukatwa kidogo kwa kikatio chenye makali, na kabla ya kuwasha huvutwa hewa tupu ili kupima mvuto, yaani ugumu au wepesi wa hewa kupita, na kuonja jani likiwa baridi. Moshi hauingizwi mapafuni. Hukaa kinywani kwa muda mfupi, na sehemu yake ndogo huweza kutolewa kupitia puani, ambako ladha nyingi hutambuliwa. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha, kwani anayeharakisha huichemsha tumbaku na kupata uchungu ambao si wa jani bali wa haraka yake.

Kinachoandikwa hugawanywa katika theluthi tatu, kwa kuwa sigaa hubadilika inavyozidi kuungua na theluthi ya mwisho karibu daima ndiyo kali zaidi. Msamiati wa waonjaji wa nje umejaa matunda ambayo mtu wa Afrika Mashariki hajawahi kuyala, na kuukariri hakuna maana. Pilipili manga, karafuu, mdalasini, korosho zilizokaangwa, kahawa nyeusi, ngozi, ubao wa mwerezi na udongo uliolowa mvua vinatosha kuieleza karibu kila sigaa. Pamoja na ladha huandikwa ufundi: je, mstari wa moto ulitembea sawa au ulikimbia upande mmoja, je, jivu lilishikamana, je, sigaa ililainika mahali pamoja kwa sababu kiini kilipungua hapo? Makosa haya ni ya mkono wa msokotaji, na sigaa ya gharama hupatikana nayo pia.

Katika utunzaji, Nairobi imependelewa kuliko miji mingi ya ukanda huu. Sigaa hutakiwa kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21, na wastani wa joto la jiji, ambalo katikati yake liko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari na ambalo kuelekea Dagoretti na Karen linafika karibu 1,800, umo humo humo. Mombasa hali ni nyingine: joto la pwani huyaangua mayai ya mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye hutoboa sigaa matundu safi kama ya sindano, na unyevu mwingi huleta kuvu. Tatizo la Nairobi ni ukavu wa Januari hadi Machi, ambapo sigaa iliyoachwa mezani hukauka na jani lake la nje likapasuka. Sanduku la mbao za mwerezi lililozibwa vizuri, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu na kipimaunyevu, huondoa tatizo hilo; chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo, ingawa hakipendezi macho. Mwinuko nao una usumbufu wake, kwa maana kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na viberiti vya gesi vyenye mwali mkali hukataa kuwaka hadi mtiririko wa gesi upunguzwe. Njiti ya kawaida ya kiberiti haina taabu hiyo.

Sigaa bandia ni nyingi, hasa zinazodaiwa kuwa za Cuba. Sanduku halisi hubeba muhuri wa dhamana wa rangi ya kijani, ambao asili yake ni mwaka 1912, na kwenye kitako cha sanduku hugongwa alama za kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufungashwa kwa vifupisho vya Kihispania, kama ENE kwa Januari na AGO kwa Agosti. Cohiba inayouzwa ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kioo ni ya bandia, bila mjadala.

Kuhusu afya, imani kwamba sigaa ni salama kwa kuwa moshi wake hauvutwi ndani haina msingi. Moshi wa sigaa una asili ya alkali, na kwa sababu hiyo nikotini hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya kinywa na kumzoesha mvutaji bila kupita mapafuni. Sigaa moja kubwa huweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na huhusishwa na saratani za kinywa, koo, umio na mapafu. Asiyevuta hana sababu ya kuanza, na aliye na watoto nyumbani asivutie humo.

Sheria imelizungumzia suala hilo tangu zamani. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, haiweki tofauti kati ya sigara ya mtaani na sigaa ya maelfu ya shilingi. Inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, inakataza matangazo, jambo linalofanya burudani hii ienee kwa mdomo tu, na inakataza kuvuta katika maeneo ya umma isipokuwa palipotengwa. Mgeni anayetoka hotelini na kuingia Barabara ya Kenyatta na sigaa inayowaka mkononi anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.