Namba Saba Ana Jina

"Namba saba! Lete mizani huku!"

Nilipaza sauti hiyo asubuhi moja ya mwezi Machi, kliniki ya mama na mtoto ikiwa imefurika hadi barazani. Vijana wanaojitolea kwenye kituo chetu hapa Kasulu huvaa vizibao vya njano vyenye namba mgongoni, nami msimamizi wao niliona kuita namba ndiyo njia ya haraka. Binti wa miaka kumi na saba akaleta mizani, akarudi kwenye meza ya kadi bila neno. Kwenye benchi, akisubiri kupimwa presha, alikaa babu yangu. Jioni nilipompelekea dawa zake aliniuliza: "Mjukuu wangu, siku hizi umekuwa nyapara?"

Swali lile lilinichoma, kwa kuwa najua alikopita. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na umri kama wa binti yule, babu aliondoka huku kwetu Buha, nchi ya Waha, kwenda kukata mkonge Tanga. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ilizoa vijana wengi kutoka Kasulu na Kibondo. Aliyekwenda kwa mkataba aliitwa manamba, kwa maana alijulikana kwa namba. Alipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. Babu analikumbuka jina la nyapara wake mpaka leo. Nyapara hakuwahi kulijua lake.

Nimesimamia vijana wanaojitolea Kibondo, na sasa Kasulu. Wengi hutujia baada ya mtihani wa kidato cha nne, unaofanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Katikati hapo kijana si mwanafunzi wala si mtu mzima, na nyumbani kila mgeni anamuuliza swali moja: "Umepata daraja gani?" Nami nilikuwa naanza na swali hilohilo. Aliyefaulu alijibu haraka. Ambaye hakufaulu aliinama, na pengine wiki nzima ikapita kabla hajanitazama tena usoni.

Siku hizi naanza kwingine. Saa nne tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha, nami nauliza: Unaamka saa ngapi, na kabla ya kuja hapa unafanya nini? Nyumbani wanakutegemea kwa kazi gani? Ni kazi gani hapa inakutia hofu? Siulizi "kwenu ni wapi?" siku ya kwanza. Huku mpakani swali hilo ni zito. Kambi ya Nyarugusu imepokea wakimbizi tangu mwaka 1996, ile ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Wapo vijana waliokwisha kuulizwa kwao ni wapi na watu wenye mihuri mezani. Nangoja wanieleze wenyewe.

Majibu yao yalinionyesha makosa yangu. Kijana mmoja nilikuwa nimemwandika mtoro mara mbili, kwa sababu kila saa saba mchana alipotelea nyuma ya stoo. Kumbe hakuwa na chakula, na aliona aibu kukaa mbele ya wanaokula. Sasa tunachanga, tunapika ugali wa muhogo na maharage, na wote wanakula sufuria moja.

Na yule binti? Nilimweka kwenye kadi kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, nikamhesabu kuwa mzito wa kusema. Kwenye chai akaniambia kwamba amelelewa na bibi yake, na nyumbani yeye ndiye hupokea wageni. Kesho yake nikampeleka mlangoni. Akaingia bibi kizee aliyeshika mkono wa mjukuu wake mjamzito. Binti akapiga goti, akakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu, huku akimsalimu kwa Kiha. Bibi akaitikia, akauliza, akajibiwa, makofi yakiendelea pole pole pande zote mbili. Salamu ilipoisha, bibi alikwisha kueleza mwenyewe kuwa mjukuu wake ana siku mbili miguu imevimba. Muuguzi aliitwa papo hapo. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeuficha ulimi ule nyuma ya rundo la kadi.

Kumjua kijana kuna mipaka yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo mzazi au mlezi anajua mtoto wake yuko wapi na anarudi saa ngapi. Tunazungumza barazani, mbele za watu. Simpigii simu usiku, wala simtumi peke yake giza likiingia. Analoniambia kuhusu nyumbani kwao haliwi habari ya chumba cha wafanyakazi, isipokuwa kama yuko hatarini. Hapo nampeleka kwa ofisa ustawi wa jamii.

Vizibao bado vina namba, maana stoo inavihesabu. Julai ilipofika, binti alikirudisha chake kimefuliwa na kukunjwa, akaenda shule. Jumatatu iliyofuata, yule bibi kizee alisimama mlangoni akitazama huku na huku, kisha akaniuliza yuko wapi. Alimtaja kwa jina lake, na la bibi yake.