Dawa ya Mgongo na Moyo wa Mtoto Tumboni

Mjamzito wa miezi minane anayelalamika mgongo hupata diklofenaki dukani kwa wepesi mno, na hoja yangu dhidi ya wepesi huo imo ndani ya moyo wa mtoto wake. Mtoto aliye tumboni hapati hewa kwa mapafu, kwani yamejaa majimaji. Oksijeni humfikia kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa hiyo damu yake nyingi huyakwepa mapafu: nyingine hupenya tundu lililo kati ya vyumba vya juu vya moyo, nyingine hupita mrija mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota. Mrija huo haukai wazi wenyewe. Misuli yake hulegezwa na prostaglandini, kemikali inayotoka kwa wingi kwenye kondo, pamoja na uhaba wa oksijeni. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, mapafu hupokea damu, oksijeni hupanda, na kondo likitengana naye prostaglandini hushuka. Kwa watoto wengi waliotimiza miezi, mrija hujifunga ndani ya siku 3. Wakati wake ndio huo, si kabla.

Diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini. Tangu miaka ya 1970 madaktari wanatumia indomethasini kufunga mrija uliobaki wazi kwa watoto njiti, na uwezo huohuo, kwa aliye bado tumboni, unaweza kuubana mapema na kuulemea upande wa kulia wa moyo, hasa baada ya wiki ya 30. Wapo watakaosema kwamba wengi wamemeza na kujifungua salama. Ni kweli, vidonge vichache mara nyingi havidhuru, na mrija huweza kulegea dawa ikisitishwa. Lakini mama hausikii mrija ukibana, na kuuona kunahitaji kipimo cha moyo cha ultrasaundi, ambacho vituo vyetu vingi havina. Wala sisemi avumilie maumivu: parasetamoli ipo. Aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba ni jambo jingine, na aliyeandikiwa kliniki asiiache. Tatizo ni kwamba anayetumwa dukani mara nyingi ni mume au mtoto, muuzaji hauoni ujauzito. Basi aulize dawa ni ya nani, na kama ni ya mjamzito, mimba ina miezi mingapi, kabla ya kufungua pakiti.