Kuchagua Mbao na Kuzipamba

Wengi wetu tukitaka kuunda meza au kiti twauliza bei ya mbao kwanza, na jina la mti baadaye. Lakini miti hutofautiana kwa tabia, na fundi hodari huanza kazi yake kabla hajashika msumeno, yaani wakati wa kuchagua.

Hapa Mbale, na kwa jirani zetu wa Busoga, mti wenye sifa kubwa ni mvule. Kiini chake ni kigumu, mchwa hawakipendi, nacho hustahimili mvua. Kwa hiyo wafaa sana kwa milango na madirisha. Lakini angalia: ule ubao mweupe wa karibu na gome si kiini, na wadudu huula. Mahogani una sura nzuri kwa kabati na meza za ndani. Musizi ni mwepesi na rahisi kuranda. Watosha kwa rafu na masanduku, mradi usiguse udongo. Mkalitusi hukua upesi, bali hupinda na kupasuka unapokauka.

Mti wowote ukiutumia mbichi utakuaibisha. Panga mbao kivulini, ukizitenganisha kwa vijiti ili upepo upite. Desturi ya mafundi ni kungoja mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Ukisha kuranda, piga msasa kwa kufuata nyuzi za mti, ukianza na ule mkali na kumaliza na ule laini. Pangusa vumbi lote, kisha paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu, ukingoja kila safari ikauke. Mvule una utomvu unaochelewesha baadhi ya vanishi kukauka. Upanguse kwanza kwa spiriti. Tena funika pua, maana vumbi lake huwasha.

Mvule hauwi tayari kupasuliwa mbao ila kwa miaka mingi kuliko umri wetu sisi wanafunzi, na miti mikubwa imepungua sana. Basi tusiukate kwa kazi ambayo musizi ungetosha. Nanyi mliotutangulia, wenye mashamba, pandeni mivule. Msiipande mingi pamoja mahali pa wazi, kwa sababu yuko mdudu mdogo anayevimbisha majani ya miche hata ikafa. Ipandeni mmoja mmoja kati ya mazao na miti mingine. Watakaokalia viti vyake ni wajukuu wenu.