Klachi au Giaboksi? Utambuzi wa Hitilafu katika Matrekta ya Zamani: Mfano wa Mazingira ya Bugwema, Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua hitilafu za klachi na kulika kwa gia katika trekta la zamani kabla ya kulifungua. Hoja kuu ni kwamba dalili nyingi zinazosikika katika giaboksi huwa zimeanzia kwenye klachi, na kwamba maelezo ya dereva, majaribio machache na uchunguzi wa oili hutosha mara nyingi kuonyesha hitilafu iko upande gani. Mfano unaotumika zaidi ni Massey Ferguson 135.

1.0 Utangulizi

Kata ya Bugwema imo katika Wilaya ya Musoma, mashariki mwa Ziwa Victoria. Bonde lake limetajwa kwa miaka mingi kuwa eneo linalofaa kwa kilimo cha umwagiliaji, ingawa sehemu kubwa ya wakulima bado hutegemea mvua. Udongo mzito wa mfinyanzi, ambao wakulima wa Kanda ya Ziwa huuita mbuga, huwa mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi na hunata kama gundi baada ya mvua kubwa. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu ambazo plau hupita vizuri. Trekta likiharibika katika siku hizo, hasara haimwishii mwenye trekta, kwani kila mkulima aliyekuwa akisubiri zamu yake hupanda kwa kuchelewa.

Matrekta mengi yanayofanya kazi katika mazingira ya namna hii ni makuukuu. Massey Ferguson 135, kwa mfano, lilianza kuundwa mwaka 1964. Lililo jipya kuliko yote katika toleo hilo limekwisha kufikisha takribani nusu karne. Umri huo si kasoro yenyewe, kwa kuwa chuma chake ni kinene na muundo wake ni rahisi kufuatwa. Tatizo ni gharama ya kukosea katika kutambua ugonjwa.

Gharama hiyo inatokana na muundo. Gari lina fremu inayobeba injini na giaboksi, lakini trekta la aina hii halina fremu. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa pamoja kwa boliti, nazo ndizo uti wa mgongo wa trekta. Ili kuifikia klachi, fundi hulazimika kulitenganisha trekta kati ya injini na giaboksi. Ili kuishusha giaboksi, hulitenganisha tena kati ya giaboksi na sehemu ya nyuma. Fundi anayekisia huenda akatenganisha pasipohitajika, akabadilisha kifaa kizima, kisha akalifunga trekta likiwa na ugonjwa uleule.

2.0 Kazi ya Klachi na Giaboksi kwa Ufupi

Klachi ni sahani yenye lainingi pande zote mbili, iliyobanwa kwa springi kati ya flaiwili ya injini na sahani ya kubana. Pedali isipokanyagwa, vitu hivyo vitatu huzunguka kama kimoja. Inapokanyagwa, beringi ya kuachia husukuma vidole vya sahani ya kubana, mbano hulegea, na shafti ya kuingilia giaboksi huacha kusukumwa na injini.

Matrekta mengi ya toleo la 135 yana klachi ya hatua mbili. Nusu ya kwanza ya mwendo wa pedali husimamisha magurudumu. Pedali ikifika chini kabisa, shafti ya nyuma inayoendesha mashine pamoja na pampu ya haidroliki navyo husimama. Giaboksi yake ya kawaida ina gia 3 za mbele na 1 ya nyuma, na wenzo wa pili wa mwendo mkubwa na mdogo huzifanya kuwa 6 za mbele na 2 za nyuma. Taarifa hizi zina umuhimu wa pekee katika utambuzi, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

3.0 Maelezo ya Dereva kama Ushahidi

Utambuzi huanza kwa maneno. Dereva anaposema “trekta limeishiwa nguvu”, kauli hiyo hubeba angalau hali tatu tofauti. Kwanza, mlio wa injini huzama na moshi huongezeka plau inapoingia ardhini. Hapo mashaka yaelekezwe kwenye injini. Pili, mlio wa injini hupanda ilhali trekta linapunguza mwendo, na harufu ya kuungua husikika. Hiyo ni klachi inayoteleza. Tatu, injini huvuma vizuri, magurudumu husimama ghafla, na wenzo wa gia hukutwa umerudi katikati. Hiyo ni gia inayochomoka.

Vivyo hivyo, kauli “gia hazikubali” haitoshi. Ni lazima kumwuliza dereva: Hazikubali injini ikiwa inawaka tu, au hata ikizimwa? Ni gia zote au moja? Ilianza ghafla au kidogokidogo? Trekta lilikuwa limeegeshwa muda mrefu? Maswali haya hayana gharama, nayo huondoa nusu ya mashaka.

4.0 Majaribio ya Klachi

Majaribio yafanyike mahali tambarare, pasipo na mtu mbele wala nyuma ya trekta. Kabla ya jaribio lolote, upimwe uchezaji wa pedali, yaani umbali ambao pedali hushuka kwa wepesi kabla ya kukutana na upinzani. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha trekta husika. Pedali isiyo na uchezaji hata kidogo huifanya beringi iguse vidole muda wote, na klachi huteleza hata kama lainingi bado ni nene. Uchezaji ukizidi, klachi haikati. Kasoro zote mbili huweza kurekebishwa kwa spana, bila kulitenganisha trekta.

Jaribio la kuteleza: Trekta lisimame, breki zifungwe, gia ya juu kabisa iingizwe, injini iwe katika mwendo wa wastani, kisha pedali iachiwe taratibu. Injini ikizimika, klachi inabana. Ikiendelea kuunguruma ilhali trekta limetulia, klachi inateleza. Jaribio lichukue sekunde chache tu, kwa kuwa linaunguza lainingi. Sababu za kuteleza ni lainingi kuisha, springi kuchoka, au oili kuvuja kutoka sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya giaboksi. Oili ikionekana chini ya ganda la klachi, kubadilisha sahani peke yake ni kupoteza fedha. Sahani mpya italowa vilevile.

Jaribio la kutokata: Injini ikiwa inawaka, pedali ikanyagwe hadi mwisho, dereva angoje sekunde kadhaa, kisha aingize gia. Gia zikikwaruzana, injini izimwe na gia iingizwe tena. Ikiingia kwa wepesi injini ikiwa imezimwa, gia na uma wake ni wazima. Kosa ni la klachi isiyokata. Ikikataa hata injini ikiwa imezimwa, wenzo, uma au gia zenyewe zichunguzwe, baada ya kulisogeza trekta kidogo ili meno yasiwe yamekutana ncha kwa ncha. Trekta lililokaa msimu mzima bila kuwashwa huweza kuwa na sahani iliyoshikana na flaiwili kwa kutu. Ndiyo maana madereva wazoefu huikandamiza pedali kwa kipande cha mti wanapoliegesha kwa muda mrefu.

5.0 Kusikiliza Giaboksi

Kelele hutambuliwa kwa wakati inapotokea kuliko kwa ukubwa wake. Trekta likiwa huru bila gia na mguu ukiwa nje ya pedali, shafti ya kuingilia na gia zinazoshikana nayo daima huzunguka. Kelele iliyopo katika hali hiyo na kutoweka pedali inapokanyagwa huashiria beringi za shafti hiyo. Kelele inayoanza pedali inapokanyagwa huashiria beringi ya kuachia. Katika klachi ya hatua mbili, kelele inayoendelea pedali ikiwa nusu na kukoma ikifika chini inaelekeza kwenye pampu ya haidroliki au mfumo wa shafti ya nyuma, wala si kwenye gia za mwendo.

Trekta likiwa katika mwendo, wenzo wa pili hutumika kama kipimo. Kelele ikisikika katika gia moja tu, katika mwendo mkubwa na mdogo pia, jozi ya meno ya gia hiyo imelika. Ikisikika katika gia zote lakini katika mwendo mdogo pekee, mashaka yaelekezwe kwenye seti ya gia za sayari zinazopunguza mwendo. Ikisikika daima magurudumu yanapozunguka, hata trekta likivutwa bila gia, chanzo huenda ni difu au ekseli. Mgongo wa mara kwa mara unaofuata mzunguko, mfano wa nyundo, ni dalili ya jino lililovunjika. Trekta lisimamishwe mara moja, kwani kipande kinachozunguka ndani huweza kupasua ganda zima.

Gia inayochomoka ina sababu kadhaa: meno yaliyochongoka, beringi iliyolegea, uma uliopinda, au springi na gololi ya kushikilia gia vilivyochoka. Sababu hii ya mwisho ndiyo nafuu kuliko zote, hivyo ichunguzwe kwanza. Kumfanya dereva aushike wenzo kwa mkono mchana kutwa si tiba. Huusaga uma na kuongeza gharama.

6.0 Ushahidi wa Oili

Katika trekta la 135, oili ya giaboksi ndiyo pia oili ya haidroliki na ekseli ya nyuma. Imwagwe kwenye chombo safi, ipitishwe kwenye kitambaa. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Magamba yanayong’aa hutokana na beringi au uso wa meno unaobanduka, na vipande vyenye kona ni meno yaliyovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, na njia mojawapo ya kuingilia ni raba iliyopasuka ya wenzo wa gia. Kwa kuwa mfumo ni mmoja, chembe hizo huifikia pampu ya haidroliki. Gia iliyopuuzwa huja kuua pampu.

7.0 Uamuzi na Usalama

Ikithibitika kuwa trekta litenganishwe kwenye klachi, ni busara kubadilisha kwa pamoja sahani, beringi ya kuachia, beringi ya flaiwili na sili, kwa kuwa kazi ya kutenganisha ndiyo nzito. Gia zibadilishwe kwa jozi. Jino jipya likikutana na jino lililolika, lote huharibika mapema. Kuchomelea jino lililovunjika huondoa ugumu wa chuma uliotokana na moto wa kiwandani, kwa hiyo tiba hiyo huwa ya muda.

Kabla ya kutenganisha, ekseli ya mbele ipigwe kabari pande zote mbili ili injini isipinduke, na kila nusu ibebwe na stendi imara, si jeki peke yake. Lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa upepo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

8.0 Hitimisho

Mpangilio unaopendekezwa ni huu: dereva aulizwe, uchezaji wa pedali upimwe, klachi ijaribiwe, giaboksi isikilizwe, oili ichunguzwe, na mwisho ndipo spana za kutenganishia zitolewe. Hatua tano za mwanzo hukamilika katika asubuhi moja chini ya mti, na zifanywe kiangazi, kabla ya mvua za kwanza. Kwa mkulima wa Bugwema, jibu sahihi linalopatikana baada ya siku za kulima kupita lina thamani ndogo sana.